Mbwa wa Mama Shukrani

Kabla hujasikia yaliyompata Anifa, ujue kwanza kwamba mimi ni mwongo. Sisemi hivyo kwa kujuta. Nimepaka mafuta injini za meli miaka thelathini na mmoja, na kule chini kwenye injini hakuna dirisha, kwa hiyo mtu asiyeweza kujitungia kitu cha kutazama hupata wazimu kabla ya kufika Kasanga. Nilipostaafu nilitoka na sikio moja linalosikia na kasha la vitabu alivyoviacha fundi mmoja wa kigeni. Shule yangu iliishia darasa la nne. Vitabu vile nilivisoma kwa kamusi, neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele, na nilivimaliza kwa miaka saba.

Kimoja kilikuwa cha maziwa. Humo ndimo nilimojua kwamba Tanganyika yetu ni ya pili kwa kina duniani, na ya kwanza ni Baikal, huko Urusi. Tena ndani ya Baikal, maji baridi yasiyo na chumvi, wanaishi sili. Sili ni mnyama mnene kama gunia, ana mapezi mahali pa miguu, uso wa mtoto mchanga na masharubu ya mzee.

Sasa niambie, mtu akishajua jambo kama hilo anakaaje kimya? Niliwaambia watu wa mwalo wetu, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kwamba maziwa haya mawili yameungana huko chini kwa tundu. Nikasema mwaka wa mvua kubwa nilimwona sili kwa macho yangu, nyuma ya meli, hapo hapo bandarini. Alichungulia, akanusa joto la Kigoma, akarudi kwao. Kila mwaka nilimwongezea kidogo. Kufikia mwaka jana sili yule alikuwa ameniuliza samaki wa mgebuka siku hizi wanauzwaje.

Ndiyo maana mwaloni wananiita Mzee Sili. Jina langu ni Gervasi.

Anifa, ambaye sisi tunamwita Mama Shukrani, ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Babu yake alivuka kutoka Kongo na mtumbwi na nyundo. Mumewe alivuka kwenda huko huko na hakurudi, upepo ulimchukua. Aliachiwa binti mmoja na chanja moja ya kuanikia dagaa. Chanja hiyo ni ya mwisho upande wa kaskazini, karibu na matete, pale kijito kinapoingia ziwani. Upepo wa pale unakausha dagaa kabla jua halijachoka. Ubaya wake ni mmoja: ndani ya matete yale ndiko nyumbani kwa fisi maji.

Kama humjui fisi maji, ni mnyama mrefu wa rangi ya kahawa, shingo ina madoa, anaogelea kama amezaliwa na samaki na anaiba kama amesomea. Niliwahesabu tisa. Walikuwa wanapanda chanja ya Mama Shukrani alfajiri, wanachagua dagaa wakubwa, wadogo wanawaacha. Siku moja uvumilivu ulimwishia. Alisimama katikati ya mwalo, mbele ya wenye mitumbwi na wanunuzi, akaapa kwamba atawatilia sumu ya panya wote, baba, mama na watoto. Kila mtu alisikia. Hata mimi nilisikia, kwa sikio bovu.

Mimi nilikuwa na mbwa niliyepewa na mkulima mmoja wa Simbo. Nilimwita Meneja, kwa sababu alikuwa anazunguka sana na kazi haionekani. Nikamwambia Mama Shukrani mchukue huyu, mfunge pale, hakuna fisi maji atakayesogea. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Yeye ni wa nyumba ya Kiislamu, na wanunuzi wake karibu wote wanatoka Ujiji na Buzebazeba, watu ambao wakisikia mbwa ameramba dagaa hawatanunua hata kama utawaosha kwa maji ya ziwa zima. Siku mbili alikataa. Siku ya tatu alikuta nusu ya chanja imeliwa. Akaja ukutani akanipa masharti mawili: kamba, na mdomo wangu kufungwa.

Kamba aliikata mwenyewe. Kutoka kwenye kisiki cha mchikichi, nyuma ya matete ambako haonekani, hadi chanja yake, alipima hatua kumi na tano. Kamba ikawa ya hatua nane. Ningemleta Meneja alfajiri na kumwondoa kabla wanunuzi hawajashuka kwenye pikipiki. Dagaa asiguse, watu wasimwone, na mimi nisimtie kwenye hadithi yoyote. Sharti hilo la mwisho lilinitesa kuliko yote, lakini nililishika.

Wizi ulikwisha. Ila fisi maji ni watu wa ajabu. Walipomzoea Meneja waliacha dagaa wakahamia kwenye bakuli lake. Asubuhi moja nilimkuta mmoja anakula ugali wa mbwa na mbwa mwenyewe amekaa pembeni anamtazama kama mgeni aliyekaribishwa.

Wiki ya tatu Meneja akapata mafua. Macho yakatoa tongotongo, pua ikaziba, kikohozi. Nikasema ni ubaridi wa alfajiri. Kisha mguu mmoja wa nyuma ukaanza kurukaruka wenyewe, hata akiwa amelala. Waliomwona nyumbani kwangu niliwaambia amejifunza muziki wa ng'ambo, anashika mapigo. Wakacheka, nami nikacheka. Alhamisi akafa.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa, na nalisema kama lilivyo. Kuchimba kaburi la mbwa kwenye mchanga wa mwalo ni kuita watu waje kuuliza. Ijumaa saa saba mchana wanaume wengi walikuwa msikitini, na wavuvi waliobaki walikuwa makwao, maana ilikuwa siku za mbalamwezi na hakuna anayetoka na taa kuvua dagaa wakati mwezi umejaa. Nikamtia Meneja kwenye gunia, nikaingia naye kwenye matete, nikamwacha humo. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Haikupita wiki mbili, fisi maji wa kwanza akatoka saa sita mchana. Hakuogopa mtu. Alitembea katikati ya wanawake kama mlevi anayetafuta nyumba yake, macho yamegandwa na tongotongo, mguu wa nyuma unarukaruka. Akaanguka karibu na mashua ya Mzee Asumani, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, akatafuna hewa, akafa. Nilipouona mguu ule, mluzi wangu wote ulinirudi kooni. Ndani ya siku tisa walikufa sita.

Manispaa ikamleta daktari wa mifugo, binti mmoja makini anaitwa Winfrida, amevaa glavu hadi kwenye viwiko. Akatukataza kugusa mizoga, kwa sababu huenda ni kichaa cha mbwa na huenda si hicho. Akachukua majimaji ya macho kwa vijiti vya pamba, akafunga mzoga mmoja kwenye barafu upelekwe maabara. Mimi nilimfuata nyuma kama kifaranga. Nikamuuliza, yeye kwa macho yake anaona nini.

"Mzee, majibu ni ya maabara," alisema. "Ila nilichokiona kinafanana na distempa. Ni virusi vya mbwa, ndugu wa surua ya watoto. Vikiingia kwa wanyama wa majini havina huruma. Miaka ya themanini mwishoni viliua sili kwa maelfu, kwenye ziwa moja huko Urusi."

"Baikal," nikasema.

Alishangaa. Mimi nusura nimkumbatie na glavu zake. Miaka yote ile ninasema sili, sili, na leo daktari wa serikali anasema sili.

Kisha akawageukia watu wote akauliza: kuna mbwa yeyote aliyeugua hapa karibuni? Watu wakatikisa vichwa, maana waliomwona Meneja kwangu walishika muziki, si ugonjwa. Nilimtazama Mama Shukrani. Yeye alikuwa anatazama mchanga. Nami nilikuwa nimeahidi. Nikanyamaza, Daktari Winfrida akaondoka na sanduku lake la barafu, akasema majibu yatachukua wiki kadhaa.

Mwalo hauwezi kusubiri wiki kadhaa bila kuwa na mkosaji. Jioni ile ile watu walikumbuka kiapo cha sumu ya panya. Kesho yake wanunuzi watatu waliipita chanja ya Mama Shukrani kama wanapita kaburi. Keshokutwa hakusimama hata mmoja, na dagaa wake wakaanza kurundikana ndani ya nyumba, magunia hadi dirishani. Siku ya nne Selestini, katibu wa kamati, akatangaza kikao.

Kikao kilikaa kwenye banda la mnada. Shadia, mnunuzi mkubwa wa Ujiji, alikuwapo, na nyuma yake wanunuzi wenzake wamesimama. Selestini alisoma kwenye daftari kwamba kwa usalama wa walaji, Bi Anifa aachie chanja hadi majibu yatakapotoka, na eneo lake litumiwe na mtu mwingine kwa muda. Huyo mtu mwingine alikuwa shemeji yake Selestini, alikuja na fito zake mpya kabisa, ameziegemeza nje ya banda. Na mwaloni kwetu tunajua maana ya kwa muda. Kuna baba mmoja aliachia sehemu yake kwa muda wakati nchi ina rais wa pili, hadi leo anaangalia wajukuu wa watu wakianika hapo.

Nikaomba kusema. Nikasema sumu ingemwagwa majini, samaki wangekufa wa kwanza, na samaki wako wapi? Wakasema sumu haikuwa majini, ilikuwa kwenye dagaa. Nikasema basi paka wa mwalo mzima wangekuwa wamekufa, na wale hapo wamenenepa. Mzee Asumani akaanza kutikisa kichwa kukubali. Laiti ningekaa hapo. Lakini nilikuwa na ukweli kifuani, na ukweli kwangu ni kitu kigeni, sijui namna ya kuubeba. Nikasema huu ni ugonjwa wa virusi, ule ule uliowaua sili wa Baikal.

Banda lilicheka hadi mabati yakasikika. Mmoja akauliza sili wamepita tundu gani safari hii. Mwingine akauliza kama walipewa tiketi. Selestini alifuta machozi, akasema kikao kinamshukuru Mzee Sili kwa burudani. Nikawaambia kamuulizeni Daktari Winfrida. Wakajibu daktari yuko Kasulu kwenye chanjo ya ng'ombe, na simu yake haipatikani. Nimedanganya miaka arobaini nikiaminiwa nusu nusu. Siku niliyosema kweli tupu ndiyo siku niliyochekwa kuliko zote.

Hawakuwa wameniuliza swali moja tu: hivyo virusi vya mbwa vilitoka kwa mbwa gani? Ningelijibu ningemwokoa na sumu nimwue na mate ya mbwa. Nilikuwa nimesimama, mdomo wazi, natafuta uongo wa kunitoa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na hata mmoja.

Mama Shukrani akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mzee Gervasi, kaa chini. Umeniwekea siri vya kutosha." Akajifunga kanga upya kiunoni. "Sumu sikuwa nayo. Mbwa nilikuwa naye."

Kicheko kilikatika kama kimekatwa na panga. Shadia aliinua uso.

Akawaambia yote, kisiki, bakuli, mafua, mguu. Akasema mbwa ni wa jirani lakini aliyemfunga pale ni yeye, na kamba kaikata yeye. Mimi nikasimama tena nikaongeza kipande changu, kwamba mzoga niliutupa mimi kwenye matete.

Selestini aliliona jambo hili mara moja kuwa zuri kwake. Akasema basi ni vibaya zaidi, watu wamelishwa dagaa waliolindwa na mbwa bila kujua, na wengine hapa ni watu wa swala.

"Usinisemee swala, Selestini, wewe hata kwenu kanisani wanakuona Krismasi," Mama Shukrani alisema. "Kamba bado iko kwenye kisiki. Sijaifungua, sikuwa na sababu ya kuificha. Twendeni mkaipime."

"Kamba hukatika."

"Na wewe unaweza kuvunja kufuli la mtu. Tukufunge leo?"

Mzee Asumani akanyanyuka. Ni mtu mzito wa kunyanyuka, na akishanyanyuka hakai hadi jambo liishe. Akaazima futi ya fundi mashua, akatoka, na kikao kizima kikamfuata mchangani, na Selestini na daftari lake nyuma. Kamba ilikuwepo. Fundi akaivuta hadi mwisho, ikafika mita sita. Kutoka mwisho wa kamba hadi mguu wa kwanza wa chanja, mita tano na robo. Asumani alipima mara mbili. Akalala kifudifudi, na kanzu yake nyeupe, kutazama kama kuna nyayo au kinyesi chini ya chanja. Sijawahi kumwona mwenyekiti akikagua kitu hivyo, hata mashua anayotaka kununua.

"Mbwa wa ulinzi hana ubaya," akasema akijipangusa. "Ubaya ni mate. Na mate ya mita tano mimi sijayaona."

Wote tukamgeukia Shadia. Kamati inaweza kupima hadi kesho, lakini chanja isiyo na mnunuzi ni fito tu. Mama Shukrani alilijua hilo kuliko sisi.

Shadia alisogea kwenye chanja, akachukua dagaa kiganja kimoja, akawapuliza mchanga. Akamgeukia Mama Shukrani.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungenunua?"

Shadia alifikiri. "Nisingenunua."

"Ndiyo maana sikukwambia. Na hilo ni kosa langu, si la mbwa. Sasa umejua. Ukitaka kuondoka ondoka, lakini hutaondoka ukisema nina sumu."

Shadia akatia dagaa mdomoni. Alitafuna taratibu mbele yetu sote, wakavu, bila mawese wala pilipili, akameza. Wanunuzi wawili nyuma yake walijiondokea, wakapanda pikipiki, na hadi leo hawajarudi. Yeye akaomba gunia.

Selestini alikuwa bado ameshika kalamu. Akasema utaratibu ni utaratibu, pendekezo liko mezani, Bi Anifa anaachia chanja hadi majibu ya maabara, ndiyo au hapana, yeye aandike nini?

"Andika nimekataa," Mama Shukrani alisema. "Andika majibu yatanikuta hapa naanika."

Akaenda nyumbani, akarudi na beseni la dagaa wabichi kichwani, akaanza kuwatandaza. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka, si saa ya kuanika, na kila mwanamke pale alijua dagaa wale hawatakauka siku hiyo. Aliwatandaza hivyo hivyo, mstari kwa mstari, hadi chanja ikajaa. Shemeji yake Selestini alibeba fito zake.

Mimi nilipata haki yangu. Daktari Winfrida aliporudi kutoka Kasulu nilimweleza yote, naye alinipa maneno ambayo sikuyapata kwenye kamusi yangu. Alinivika glavu na mabuti, tukaingia kwenye matete tukatoa kilichobaki cha Meneja, tukakichoma na mafuta ya taa. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuandikisha mbwa, na mimi nikatembea mbele yake nikiwataja, maana wenyewe walikuwa wanawaficha vyooni. Chanjo iliagizwa kutoka Dar, ikaja kwenye sanduku la barafu.

Majibu yalitoka wiki ya sita. Yalisomwa na Selestini kwa sababu yeye ndiye katibu: distempa. Alisoma haraka, kama mtu anayemeza kwinini. Neno sumu halikuwemo, na radhi pia haikuwemo. Fisi maji waliobaki ni watatu. Nawahesabu kila asubuhi, mmoja anachechemea. Watu bado wananiuliza habari za sili, na mimi bado nawajibu. Nikiwaambia kweli sili walikufa kwa maelfu huko Baikal kwa ugonjwa wa mbwa wanasema mzee ameanza. Waache waseme.

Siku ile ile ya majibu, Mama Shukrani alikuja ukutani. Alisema wale watatu wameshajua Meneja hayupo, jana wamekula robo ya chanja.

Nikamwambia ninaweza kupata mbwa mwingine Simbo, mdogo, tumchanje, nimlete alfajiri kimya kimya kama zamani.

"Alfajiri ya nini?" akasema. "Mlete saa nne, wanunuzi wakiwa wamejaa. Umpitishe mbele ya mlango wa Selestini. Kamba nimeshaikata, hatua nane."

Nilimleta saa nne.